Kugombania Mgongo wa Mama

Kila Jumamosi asubuhi nyumba yetu ilinuka uji ambao haukuwa wetu. Ulikuwa uji wa wimbi uliochachushwa siku mbili, na mama alipoukamulia ndimu harufu yake ilipanda hadi kwenye mabati, ikapenya pazia lililogawanya chumba chetu, ikaniamsha kitandani. Niliijua harufu hiyo kabla sijajua kusoma. Nilijua pia kwamba sufuria ile kubwa yenye masizi haikuwa ya kuguswa, maana ilikuwa ya wagonjwa. Mama aliumimina uji kwenye chupa mbili za chai na mtungi mmoja wa plastiki, akajitanda leso, akatoka. Mimi nilibaki na kikombe cha mwisho, kile kinachokwanguliwa chini ya sufuria, na hata hicho nilikipata baada ya kuuliza.

Tuliishi Kaptembwo, mtaa wa maskini karibu na ziwa, katika ploti ya vyumba kumi na viwili vilivyotazamana kama watu walionuniana. Choo kilikuwa kimoja mwisho wa ua, na bomba lilitoa maji siku lilipojisikia. Wakati wa kiangazi upepo ulileta vumbi jeupe kutoka upande wa ziwa, likakaa kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye kope zetu. Mvua ilipoanza, vumbi lile lile liligeuka matope yanayovua watu viatu. Baba alifanya kazi katika shamba la maua Naivasha na tulimwona mwisho wa mwezi. Mama alifulia watu nguo Kiamunyi, mtaa wa wenye nafasi, akienda na kurudi kwa miguu, na jioni vidole vyake vilikuwa vyeupe na vimekunjamana kama vya mtu aliyezaliwa leo. Jumapili tulikuwa kanisani, kanisa dogo la mabati ambamo mvua ikinyesha mchungaji alinyamaza akingoja mbingu imalize kusema. Akina mama wa kanisa walikuwa na kikundi cha kutembelea wagonjwa. Wengi walitembelea kwa sala. Mama yangu alitembelea kwa sala na mtungi. “Mtu mwenye njaa ukimwombea,” alizoea kusema, “anasikia tumbo lake tu.”

Nilikuwa mtoto wake wa pekee. Kabla yangu alizika wawili, na baada yangu hakupata mwingine. Mtaa mzima ulimwita Mama Nekesa, na mimi ndiye Nekesa. Nilisikia jina langu likiitwa dukani, bombani na kanisani hata nilipokuwa mbali, na nilikua nikiamini kwamba mwanamke yule alikuwa mali yangu, kwa kuwa alivaa jina langu kama vile ng'ombe anavyovaa alama ya mwenyewe. Wagonjwa niliwavumilia. Walikuwa wa Jumamosi tu, na walikuwa wazee, na wazee hufa.

Mmoja wao alikuwa bibi kizee wa Kikuyu aliyekaa ploti ya tatu kutoka kwetu, ambaye watu wote walimwita Shosho. Alikuwa na ugonjwa wa kifua, na aliishi na mjukuu wake Wambui, msichana wa miaka kumi na mmoja, mwaka mmoja zaidi yangu. Homa ya utotoni ilikuwa imemlemaza Wambui mguu wa kulia. Ulikuwa mwembamba kama mkono, naye alitembea akiegemea fimbo iliyopasuka na kufungwa kwa waya. Nilimjua kwa mbali. Shuleni alikaa mbele, karibu na mlango, na wakati wa michezo alitushikia sweta. Sikumchukia. Huwezi kumchukia mtu ambaye hajakunyang'anya kitu.

Mvua ndefu zilipoanza mwaka ule Shosho akafariki, akazikwa kwao upande wa Bahati. Kanisa lilikodi gari, mama akanichukua. Nakumbuka ubaridi wa kule juu, harufu ya udongo mwekundu uliofukuliwa, na jinsi watu walivyokula haraka baada ya maziko ili wawahi kurudi kabla mvua haijaharibu barabara. Wambui alikuwa ameketi juu ya gogo, sahani magotini, hali. Nyuma ya nyumba ndugu wa marehemu walikuwa wakijadiliana, na kwa sababu walijadiliana kwa Kiswahili kwa ajili ya mchungaji wetu, nilisikia yote. Mjomba alisema watoto wake ni wengi. Shangazi akasema ana mtoto mchanga na mume asiyependa kelele. Mwingine akataja makao ya watoto fulani, akasema huko wanatunzwa vizuri kuliko nyumbani. Kisha wote wakatazama viatu vyao. Mama yangu alikuwa amesimama pembeni akikausha vikombe kwa pindo la leso yake.

“Kama hakuna mwenye neno,” akasema, “huyu nitaenda naye.”

Mzee mmoja wa familia alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. “Wewe mama ni wa wapi?”

“Kwetu ni Bungoma. Nakaa Kaptembwo.”

“Na unajua huyu ni mtoto wetu?”

“Ni wenu, mzee, na mnakaribishwa kuja kumwona siku yoyote. Lakini sasa hivi anasikia baridi.”

Akamvika Wambui sweta yake mwenyewe. Garini, mama aliketi katikati, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitazama upande wa pili wa mama nikaona kichwa kingine kimemlalia begani.

Majirani walisema yao. Mama Kevo, aliyeuza mboga mlangoni pa ploti, alimshika mama mkono bombani kesho yake. “Mama Nekesa, unajitafutia maneno. Mtoto wa watu, tena si wa kabila lako. Kukitokea jambo kesho, utawaambia nini wenyewe?”

“Nitawaambia amekula,” mama akajibu, akajitwika ndoo.

Mimi nilimpa Wambui siku mbili, kama methali inavyosema kuhusu mgeni, nikisubiri siku ya tatu apewe jembe. Siku ya tatu mama alimpa kitanda changu. Kilikuwa kitanda chembamba cha mbao, na kwa kuwa mguu wake haukuweza kukunjwa vizuri, alihitaji upande wa nje, upande wenye upepo, upande ambao nililala tangu nilipoacha kulala na mama. Nikasukumwa ukutani. Jumapili kuku akachinjwa kwa sababu baba alikuwa nyumbani, na firigisi, ambayo mama alizoea kuniwekea kwa siri chini ya sima, ikaonekana kwenye sahani ya Wambui. Jioni mama akaketi kwenye kizingiti, Wambui chini katikati ya magoti yake, akamsuka mistari myembamba akiimba kwa Kibukusu, lugha ya kwao, wimbo ambao hata sikujua kuwa anawaimbia wengine. Wambui hakuelewa neno hata moja. Alifumba macho tu kama paka aliyelala juani. Nilisimama mlangoni na sahani nilizopaswa kuosha, nikihesabu kila mstari alioumaliza.

Ningependa kuandika kwamba nilikuwa mtoto mwema aliyejifunza kugawana. Nilikuwa na wivu, na wivu ule ulikuwa na akili na macho. Ulihesabu vijiko vya sukari. Ulijua mama alimwita nani kwanza aingiapo nyumbani. Usiku nililala nikilitazama tofali lililo karibu na pua yangu, nikimwomba Mungu amkumbushe yule shangazi huko Bahati kwamba damu ni nzito kuliko maji. Na wivu ulikuwa na tatizo moja kubwa: Wambui hakunikosea. Aliosha vyombo kabla sijaombwa. Alinifundisha hesabu za kugawanya ambazo zilinishinda. Hata akasimama mbele ya shule ya Jumapili akaeleza kwamba Yesu alimletea mama wa rafiki yake, na watu wazima wakalia. Rafiki yake ni mimi. Siku hiyo, tukitoka kanisani, mzee wa kanisa akampungia mama mkono na kumwita, kwa sauti ya furaha, “Mama Wambui!” Mama akageuka. Akaitika. Nilisimama kwenye matope na Biblia mkononi kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Wiki hiyo hiyo fundi wa mbao wa karibu na stendi alimaliza kazi ambayo mama alikuwa amemwomba. Ulikuwa mkongojo wa kweli, wa mti mgumu uliopigwa msasa, wenye kishikio cha mkono na sehemu ya juu ya kukaa kwapani. Kwa kuwa mbao ingemchubua, mama alifungua sanduku la chini ya kitanda akatoa leso kuukuu ya rangi ya zambarau, iliyofifia, yenye maua yasiyoonekana tena. Niliijua. Ndiyo aliyonibebea mgongoni tangu nilipozaliwa; alikuwa akinionyesha sehemu niliyoitafuna nilipoota meno. Aliishika kwa meno yake, akaipasua. Sauti ya kitambaa kile kikipasuka sijaisahau. Alikiviringa kipande juu ya mkongojo, akakishona kwa uzi mnene, akamkabidhi Wambui. “Jaribu tuone.” Wambui akavuka ua, akageuka, akarudi, na uso wake ulikuwa ukiwaka. Watu wa ploti wakampigia makofi. Mimi pia nilipiga.

Siku mbili baadaye, adhuhuri ya Jumamosi, mama akiwa kwa wagonjwa na Wambui akiwa amesinzia, niliuchukua mkongojo ulioegemea mlango, nikapita nao nyuma ya kamba za nguo, nikaingia chooni nikafunga kwa ndani. Tundu lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani. Ilibidi niuingize kwa upande, nikiusukuma kwa mguu, kichwa chake cha zambarau kikiwa cha mwisho. Nilisikia ulivyotua huko chini. Nilinawa mikono mara tatu, nikaenda kucheza kamba na wasichana wa ploti ya pili, nikacheka sana.

Mama aliutafuta hadi jioni. Aliuliza mlango kwa mlango. Mama Kevo alisema bila shaka ni watu wa kutafuta kuni. Msimu wa mvua kuni kavu ni dhahabu. Fundi alikuwa amekwenda kwao Nyahururu kupanda viazi na haikujulikana atarudi lini, na ile fimbo ya waya tulikuwa tumekwisha kuichoma jikoni. Wambui hakulia. Alikaa kitandani, upande wake wa nje, akinitazama.

Jumatatu asubuhi nilipata malipo yangu. Waliosema mchimba kisima huingia mwenyewe walinijua mimi. Mama aliinama, akamwambia Wambui, “Panda.” Akamfunga mgongoni kwa kile kilichobaki cha leso ya zambarau na nyingine mpya juu yake, msichana wa miaka kumi na mmoja, miguu ikining'inia, mmoja mnene na mmoja mwembamba, akatoka naye kwenda shule kabla ya safari ya Kiamunyi. Nilitembea nyuma yao nikiwa nimebeba mifuko miwili ya vitabu. Nilikuwa sijabebwa mgongoni pale tangu nilipokuwa na miaka minne. Nikaona shavu la Wambui limelala kwenye shingo ya mama, mahali penye jasho na harufu ya sabuni, na nilitamani mguu wangu mmoja ukauke. Mungu anisamehe, nilitamani hivyo kwa dhati. Nilifika shuleni nikiwa nimejaribu kuchechemea.

Ilikuwa hivyo kila siku kwa wiki mbili na nusu, asubuhi mama, na mchana mwalimu akimtuma mwanafunzi mkubwa amsaidie Wambui kurudi. Kisha siku moja, mvua ikiwa imenyesha tangu alfajiri, mama aliteleza kwenye daraja la mbao mbili juu ya mtaro. Alipoanguka alijipindua ili Wambui asilaliwe, akautanguliza mkono wa kulia. Nilikuwa hatua tatu nyuma. Nilisikia mfupa.

Alirudi kutoka hospitali akiwa na plasta hadi kwenye kiwiko. Mfuaji nguo asiye na mkono wa kulia hana kazi, na nyumba zile za Kiamunyi zikapata mfuaji mwingine kabla ya juma kuisha. Jumamosi ikaja, na kwa mara ya kwanza nyumba yetu haikunuka uji. Karibu saa tano mlango ukabishwa, wakaingia akina mama wawili wa kanisa wakiwa na chupa ya chai na mtungi, wakaketi kitandani, wakamwombea mama, wakatumiminia. Uji ulikuwa wetu hatimaye. Nilipewa kikombe kilichojaa hadi ukingoni. Nilikishika nikaona macho ya wale akina mama, macho ya huruma, yakitazama mabati yetu, na pazia letu, na mimi, nami nikaelewa kwa mara ya kwanza aibu anayoimeza mtu ili aweze kunyoosha mkono na kupokea. Nikakiweka kikombe chini.

Walipoondoka, mama alituita. “Kuna wazee watatu hawajapata kitu tangu jana. Wimbi ipo kwenye ndoo. Mtapika nyinyi.”

“Wambui atatembeaje?” niliuliza.

“Una bega,” mama akasema, akafumba macho kwa maumivu.

Basi tulikwenda. Mimi na mtungi mkono wa kushoto, Wambui ameniegemea bega la kulia, vidole vyake vikinibana kwenye mfupa. Tulikwenda polepole mno. Kila mahali penye maji tulisimama, tukapanga hatua. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, na nikafikiria mgongo wa mama. Karibu na kanisa tulipumzika kwenye jiwe.

“Najua uliutupa chooni,” Wambui akasema. Hakunitazama. “Sikuwa nimelala. Nilikuona ukipita nao.”

Niliukumbatia mtungi. “Kwa nini hukusema?”

Alichuna nyasi moja, akaichana katikati. “Ningesema, angekuchapa. Halafu angekuonea huruma, akubembeleze. Sikutaka kumwona akikubembeleza.” Akaitupa nyasi ile. “Na nilipenda kubebwa. Shosho hakuwa na nguvu za kunibeba.”

Tulikaa pale, wezi wawili. Sikujua kwamba mtu aliyepewa vyote vyangu angeweza kuwa na wivu nami. Aliponiambia kwamba kila usiku alinisikia nikipumua karibu na ukuta na kuwaza kwamba huyu hata akikosea atabaki kuwa mtoto wa nyumba, niliinuka kutoka kwenye jiwe. Nilimpa bega. Tukaenda kwa wazee.

Jioni nilimwambia mama. Nilitaka anichape, na nadhani Wambui pia alitaka, lakini mama alikaa tu, mkono wa plasta ukiwa mapajani kama mtoto mchanga. Machozi yalimtoka bila sauti. Kisha akasema, “Fundi akirudi utakwenda wewe, umwambie kwa kinywa chako mwenyewe mkongojo wa kwanza uko wapi. Na kitambaa cha kufunga juu utatoa wewe.”

Nilikuwa na kitambaa kimoja tu cha maana, gauni la Krismasi, la rangi ya machungwa, lenye mikono ya kuvimba. Niliukata mkono mmoja kwa wembe. Mama hakunisaidia na hakunizuia. Wambui alitembea na mkono ule wa gauni langu kwapani miaka mitatu, na mimi Krismasi ile nilikwenda kanisani na sweta juu ya gauni, jua likiwaka.

Wivu haukuisha siku hiyo. Watu hupenda nimalizie hapo, lakini ulibaki kama jirani ambaye mmezoeana naye, hamgombani, hamsalimiani kwa moyo. Tulikua. Mkono wa mama ulipona ukiwa umepinda kidogo. Wambui alijifunza ushonaji. Mimi nilisoma, nikapata kazi ya ofisini, nikaolewa, na leo naishi Kiamunyi, mtaa ule ule ambao mama aliuendea kwa miguu kufua. Nina maji ya moto na lango la chuma. Wambui alirudi Bahati, akajenga kwenye kipande cha shamba la Shosho ambacho mjomba alimwachia baada ya miaka mingi ya mabishano. Ana cherehani mbili, kuku, na daima ana mtu: msichana aliyefukuzwa kwao akiwa na mimba, mzee asiyekumbuka jina lake, mtoto wa jirani aliye hospitalini. Baba alipofariki nilimleta mama kwangu. Nilimtandikia chumba chenye dirisha linalotazama bustani. Alikaa wiki tatu akaniomba ruhusa ya kuondoka.

“Kwani nimekukosea wapi, mama?”

“Hujanikosea, mwanangu. Hapa malango yamefungwa. Sijui nani anaumwa.”

Akaenda kwa Wambui, na huko ndiko aliko.

Jumapili iliyopita nilikwenda kuwaona. Nilibeba shuka mpya, matunda, dawa za presha. Niliwakuta uani, mama kwenye kiti cha plastiki, Wambui kwenye kigoda mbele yake, akimkata kucha. Alikuwa ameushika mkono ule uliopinda, akiugeuza taratibu kuelekea jua, na mama alikuwa amefumba macho. Msichana mwenye mimba alikuwa akianua nguo, akicheka na mzee mmoja. Nilisimama pale langoni na mifuko yangu, mwanamke mwenye umri wangu, mwenye watoto, na wivu ule ule ukaamka. Nilipokuwa na miaka kumi nilimwonea Wambui wivu kwa alichopokea. Siku hizi ni kwa anachotoa, na huu wa sasa unauma zaidi, kwa kuwa hakuna aliyeninyang'anya chochote. Mama alipika imani yake mbele yetu sote wawili, kila juma, kwenye sufuria moja. Mimi nilijifunza kuondoka Kaptembwo. Yeye alijifunza kuwa kama mama.

Niliweka mifuko chini, nikavuta kigoda kingine upande wa kushoto.

“Nipe mkono huu nimalizie,” nikasema.

Wambui alinitazama, akanipa kikata kucha. Mama akafumbua jicho moja. Akauchunguza uso wangu, kisha vidole vyangu, akautoa mkono wake wa kushoto polepole kama mtu anayekopesha kitu anachokipenda.

“Taratibu,” akaniambia. “Wambui huwa haniumizi.”

Nikaanza na kidole kidogo.